Mkole wa Memsahib

Watu wa Kibiti wana tabia moja inayonichefua. Mgeni akija kutoka Dar es Salaam, akauliza kile kilima chenye miti mizuri ni cha nini, watamwambia kwa kujivuna kwamba hapo aliishi Memsahib aliyeipenda miti yetu. Ati Wazungu wengine walileta miti ya kwao, mikrismasi na mijakaranda, wakafyeka ya kwetu kama magugu, lakini yeye akaitunza. Ati alikuwa na jicho la kuona uzuri. Nikisikia hivyo huwa nasonya, na vijana wananitazama wakidhani bibi amekosa adabu uzeeni. Sijakosa adabu. Ni mimi niliyeimwagilia maji hiyo miti, na ni mimi niliyemfundisha huyo mwenye jicho jina la kila mti. Kwa hiyo nina haki ya kusonya.

Ilikuwa enzi ya Mwingereza, miaka michache baada ya vita vile vya pili. Mume wangu alikuwa mkata mikoko. Sehemu kubwa ya mwaka alikuwa huko visiwani kwenye delta, matope mpaka kiunoni, anakata boriti, na mimi nilibaki Kibiti na binti yetu. Tulikuwa naye mmoja tu, Mungu hakutupa mwingine. Mwaka ninaousema, binti huyo alikuwa ametiwa ndani. Alikuwa mwali. Haonwi na watu, hatoki uani ila amefunikwa, na kungwi anakuja kila siku kumfunda mpaka siku ya kuchezwa ngoma na kutolewa. Kungwi wake alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyekuwa kama mama kwangu tangu mama alipokufa. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyecheka bure.

Sasa, mwali wa kwetu hatoki bila mkole. Na mkole wenyewe si mti wa kumtisha mtu. Ni mti mdogo, mashina mengi, majani ya kukwaruza kidogo, na vitunda vitamu vyenye kokwa kubwa kuliko nyama. Mbuzi anaupenda. Mpita njia asiyeujua ataupita bila kugeuza shingo. Lakini wanawake wanampeleka mwali chini yake amefunikwa gubigubi, na yanafanyika ya kufanyika, ambayo sitayasema hapa, kwa sababu nilikwisha kuyasema mara moja mahali pasipofaa na ilinitosha. Hili moja nitalisema maana hata wanaume wanalijua. Katika ukoo wetu, mama mzazi ndiye anayemfunua mwanawe. Anaishika kanga kwa mikono yake, anaivuta, na uso wa kwanza ambao mwali anauona akiwa mtu mzima ni uso wa mama yake.

Mama yangu alinifunua mimi chini ya mkole wa kilimani. Nakumbuka kijasho kilichokuwa juu ya mdomo wake, na jinsi alivyojikaza asilie akashindwa. Tangu siku niliyojifungua mtoto wa kike nilikuwa naingoja zamu yangu ya kusimama pale aliposimama yeye. Sikuwa na tamaa nyingine kubwa duniani. Wenzangu walitaka nyumba za bati.

Ndipo akaja Bwana wa barabara. Alikuwa Mzungu mrefu, mwekundu, aliyeletwa kusimamia barabara ya kwenda kusini, na serikali ikampa kilima chetu ajenge nyumba. Serikali ile ilikuwa hodari sana wa kugawa visivyo vyake. Bwana akapanda kilimani na ndoo ya chokaa, akatia alama kila mti wa kukatwa. Akautia alama mkongo, akautia mng'ongo, akaitia mifuru yote miwili, na mwisho akaupaka mkole, hata hakuinama vizuri. Alisema anataka kuona mbali. Kuona nini, jamani? Kutoka kilima kile unaona mashamba ya mihogo, na nyuma yake mihogo mingine.

Shangazi akatuma watu kwa jumbe. Jumbe wetu alikuwa na kanzu nyeupe, kofia ya kiua, na woga wa kunguru. Akasema, "Mti wa wanawake mimi nitaupelekaje kwa Mzungu? Ataniuliza ni wa nini. Nami sijui, na nikijua nitakuwa nimekosa." Jibu lenyewe lilikuwa la kweli, ndiyo maana lilinikera zaidi.

Shangazi hakupoteza muda wa kununa. Alisema, "Basi na ukatwe. Porini mikole imejaa. Tutautafuta mwingine, tutautambikia, utakuwa wetu." Alilisema mara moja tu, akaendelea kupepeta mchele wake. Kwake yeye mambo yalikwisha. Lakini mimi sikutaka mwingine. Nilitaka ule. Nilitaka kusimama kwenye udongo ule ule, na niliona shangazi amezeeka, amechoka kupigania vitu, hajui tena thamani yake. Astaghfirullah, ndivyo nilivyomwona.

Siku hizo nilikuwa nachota maji kisimani nikiwapelekea mafundi wa nyumba ya Bwana, debe kichwani, kupanda na kushuka. Ndipo mke wake akaja kutoka Dar es Salaam. Alikuwa mwembamba, magoti nje, kofia pana kama ungo, na mvi zimeanza kumwingia. Hakuja na mtoto. Alikuja na daftari na kalamu za rangi, na kila alipoona jani alikaa chini kulichora. Jani tu! Mafundi walicheka mpaka wakaacha kazi. Kiswahili alikijua, lakini kilikuwa cha kitabu, kilichopigwa pasi, kila neno linatoka peke yake.

Nikajiambia, huyu si mwanamke mwenzetu? Ana mume, ana mvi, yu mtu mzima. Jambo la wanawake linaambiwa mwanamke. Kwa Mungu, hesabu yangu ilikuwa nyepesi namna hiyo. Asubuhi moja nikatua debe, nikamshika mkono, mimi mchota maji nikamshika Mzungu mkono, nikampeleka mpaka kwenye mkole, nikamwonyesha ile chokaa, nikamwambia, "Memsahib, mti huu usikatwe. Huu ni mti wetu wanawake."

Akauliza kwa nini. Nikamwambia kidogo, ya kutosha kuuokoa. Macho yakamtoka. Akakaa chini, akafungua daftari, akauliza tena, nikamwongezea. Akauliza na nyimbo. Nikamwimbia. Tulikaa pale mpaka jua likawa kali na mafundi wakawa wanaita maji kwa matusi. Nilianza nikitaka kuokoa mti, nikaishia nikitaka asinyanyuke. Tangu nizaliwe, nani aliwahi kukaa chini akanisikiliza mimi, kalamu mkononi, asipitwe na neno? Mume wangu nikimsimulia jambo alikuwa analala katikati.

Kesho yake chokaa ikafutwa. Bwana alifoka, Memsahib akafoka zaidi, na miti yote ikabaki, mkongo, mng'ongo, mifuru na mkole. Nikashuka kilima kile kwa madaha kama bi harusi. Nikamwambia shangazi, "Mkole umepona."

Akauliza, "Umeponaje?"

"Memsahib ana huruma."

Akanitazama kwa jicho la pembe. Nikadhani ananionea kijicho.

Baada ya hapo Memsahib akaniondoa kwa mafundi, nikawa mtu wa bustani yake. Bustani, jamani! Pori lile lile, ila sasa lina mwenyewe. Alitaka nimtajie kila mti na kazi yake, na akaanza kuniita "mwalimu wangu". Nilivikwa kilemba cha ukoka, nikakivaa, na kikanikaa vizuri. Nilipokuwa sijui kitu nilikuwa natunga. Kuna mti mmoja kule ambao nilimwambia unatibu wivu. Aliandika. Kama lile daftari bado lipo huko kwao, basi wasomi wanasoma uongo wangu kwa miwani.

Haya, bustani ikaanza kutengenezwa. Njia zikachorwa kwa kamba, mawe yakapangwa kandokando na kupakwa chokaa, maana Mzungu akiona jiwe lazima alipake chokaa. Kila mti ukafungwa kibati kwa waya, juu yake jina refu ambalo hakuna ulimi wa Mndengereko wa huku kwetu unaoweza kulibeba, na chini yake, kwa herufi ndogo za aibu, jina letu. Chini ya mkole likawekwa benchi. Kisha ukaja uzio. Nguzo zilikuwa za mikoko kutoka delta, huenda nyingine zilikatwa na mume wangu mwenyewe, zikazungushiwa waya wa miiba, na langoni akasimamishwa mlinzi mwenye rungu.

Furu zilipoiva, wanawake waliozoea kuziokota tangu bibi zao walifukuzwa kama nyani. Mama mmoja alikuja kuomba gome la mkongo kwa ajili ya tumbo la mtoto, akaambiwa aende hospitali ya Utete. Utete! Siku mbili kwa miguu, na mtoto anaharisha mgongoni. Nilimwuliza Memsahib kwa nini asimpe kipande tu. Akaniambia taratibu, kwa ule upole wake wa kitabu, kwamba watu wakibandua magome mti utakufa, na kwamba yeye anailinda miti hii kwa ajili yetu. Kwa ajili yetu! Sisi tuko nje ya waya, yeye yuko ndani, na ni kwa ajili yetu. Nilitikisa kichwa kama niliyeelewa. Siku hizo nilikuwa natikisa kichwa sana.

Na huo mkole, akaagiza nimwagilie madebe mawili kila siku. Nikamwambia, "Memsahib, mkole ni mti wa porini, haujawahi kumwagiliwa tangu dunia iumbwe." Akasema ni kiangazi, unateseka. Basi nikamwagilia. Ukatoa majani mapana, laini, ya kijani kibichi kama mboga, na mwaka ule haukuzaa hata kitunda kimoja. Memsahib aliyasifu majani. Aliyachora.

Wageni wakaanza kuja. Wengine walitoka Utete, wengine Dar es Salaam, wanaume na wanawake, wote wanakunywa chai kwenye benchi lile. Memsahib aliwapitisha mti hadi mti, na wakifika kwenye mkole aliniita. "Mwalimu, njoo!" Nilikuwa nakwenda na debe langu, nasimama pembeni kama kibati kingine, naye anawasimulia kwa Kiingereza. Kiingereza sikukijua. Lakini nilijua anasema nini, kwa sababu mikono yake ilikuwa inaonyesha. Ilionyesha mtu amefunikwa. Ilionyesha kanga ikivutwa. Na pale wanaume walikuwepo, wamekunja miguu, wanakula biskuti.

Nilitabasamu. Mmoja wa wale wageni alinipigia makofi, nami nikatabasamu zaidi. Mtu akiniuliza leo ni jambo gani ninalojidharau kwalo, sitasema ni ule mdomo wangu wa siku ya kwanza. Ni yale meno yangu niliyoyaonyesha siku ile.

Mpishi wao alikuwa mtu wa bara, mwanamume mwenye kujisikia kwa kuwa anavaa viatu ndani ya nyumba. Yeye Kiingereza alikuwa anakisikia. Alipitisha sinia la biskuti, akasikia yote, na siku ya gulio akashuka mpaka Bungu akayamwaga kwenye kahawa, mbele ya wanaume waliokaa kwenye mkeka wakisubiri vikombe vyao. Akatia na chumvi. Kabla wiki haijaisha, kijana mmoja asiye na haya akakutana na shangazi njiani, akamwamkia vizuri, halafu akamwambia, "Bibi, kumbe mambo yenu ya mkoleni ndiyo hayo tu?"

Shangazi alikuja kwangu moja kwa moja. Hakupiga hodi. Nilikuwa natwanga, akanikamata mchi ukiwa juu.

"Umemwambia nani?"

Nikajitia hamnazo. "Kumwambia nani nini, shangazi?"

"Nisikuulize mara ya pili."

Nikaushusha mchi. "Memsahib."

"Memsahib amechezwa?"

"Shangazi, yule ni mtu mzima. Ana mume. Ana mvi kichwani."

"Mvi hata mbuzi anazo. Nakuuliza, amechezwa ngoma?"

"Hajachezwa."

"Basi ni mtoto," akasema. "Wewe, mtu mzima uliyetolewa na mama yako, umemwambia mtoto. Mtoto akaenda kusema, kama watoto wanavyosema. Yeye hana kosa."

Nilitamani angenipiga. Alikuwa ananieleza jambo ambalo nililijua tangu nikiwa ndani mwenyewe, jambo la kwanza kabisa tunalofundishwa. Mwanamke asiyechezwa ni mtoto, awe na wajukuu kumi, na hasikii ya wakubwa. Nililijua kwa kila msichana wa Kibiti. Kwa mwanamke wa Kizungu nililisahau, kwa sababu ya kofia. Niliona kofia, gari na mvi, nikamvua utoto wake bila ngoma. Hakuna ujinga mkubwa kuliko huo, na nimeutafuta.

"Mti ungekatwa tungeshika njia kwenda kwenye mwingine," akasema shangazi. "Sasa nitakwenda wapi kuyatafuta maneno mengine?"

Nikamwambia nitatengeneza. Nikapanda kilimani mbio kumwomba Memsahib jambo moja tu, atufungulie lango siku moja, mlinzi aondoke, mpishi aondoke, Bwana aondoke, binti yangu atolewe chini ya mkole, kisha tutafunga wenyewe. Nilidhani nikiurudisha mti, hata kwa siku moja, shangazi atalegea.

Memsahib aliruka kwa furaha. Akasema bila shaka, karibuni sana, kwani yeye aliuhifadhi kwa ajili ya nani? Yeye angekaa pale kwenye benchi kimya kabisa, na rafiki yake wa Utete mwenye sanduku la picha, wapige picha chache za kumbukumbu. Mambo haya yatapotea, alisema.

"Memsahib, haiwezekani uwepo. Hujachezwa."

Akacheka. "Basi nichezeni na mimi!" Alilisema vile vile mtu anavyoomba kuonja mchuzi.

Na mimi, mpumbavu niliyekomaa, niliubeba ujumbe huo mpaka kwa shangazi. Nilimpelekea kama ulivyo, benchi, rafiki na sanduku la picha. Nikaongeza kwamba tunaweza kumfunga Memsahib kitambaa machoni. Wallahi nilisema hivyo. Shangazi, ambaye hakuwa akicheka bure, alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akajifuta macho kwa pindo la kanga.

"Mwali atatoka Alhamisi," akasema. "Mkole tumekwisha kuupata. Sikwambii uko wapi. Wewe hutakuwepo."

"Na kumfunua?"

"Nitamfunua mimi."

Nilipiga magoti. Sina aibu kusema, nilimshika miguu yote miwili, nikasema nitatoa kuku, nitatoa kanga, nitatoa mbuzi, nitapigwa mbele ya wanawake wote, lakini nisinyimwe hilo. Nilikuwa nimelingoja miaka yote ya mtoto yule. Nikamtaja mama yangu, marehemu wifi yake, nikamwapisha kwa kaburi lake.

Akaniangalia pale chini. "Ungeushika mdomo wako hivyo unavyoshika miguu yangu," akasema. Akajivua mikononi mwangu, akaondoka.

Nikamtumia mume wangu habari delta. Akaja, akala, akasikiliza, safari hii bila kulala, akasema mambo ya wanawake yeye hamo. Siku ya pili akarudi kwenye mikoko yake. Mwanamume anaweza kuangusha mkoko mnene ulioota kwenye maji, na hawezi kwenda nyumba ya tatu kumsemea mkewe kwa bibi kizee. Haya, nilimfungia chakula cha njiani, akaenda.

Aliyebaki kuambiwa ni binti yangu. Jumatano nikaingia ndani kumpelekea uji. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, amenenepa na kung'aa kwa kukaa kivulini, na nilijua kwa jinsi alivyoinamisha kichwa kwamba wamekwisha kumwambia. Mwali hapaswi kusema sana. Alisema kwa sauti ya chini.

"Mama, ni kweli hutakuwepo?"

"Kweli."

"Yule Mzungu ulikuwa unataka nini kwake?"

"Sikutaka kitu kwake. Nilitaka mti wetu usikatwe. Bibi yako alinifunua pale. Nilitaka na wewe nikufunue pale pale."

Akazungusha kijiko ndani ya uji bila kula. Halafu akasema, "Mti ningeufanyia nini mimi, mama? Mimi nilikuwa nakutaka wewe." Akageukia ukutani. Nilikaa pale, mimi mwalimu wa Wazungu, mpaka uji ukapoa, kisha nikalichukua bakuli nikatoka.

Alhamisi nilikwenda kazini. Watu waliniona wakasema, lo, mama gani huyu, mwanawe anatolewa naye yuko kwenye debe. Walitaka nikae wapi? Nyumbani walikuwepo wanawake wa ukoo wanampamba, na nilipoingia walinyamaza, wakasubiri nitoke. Nikatoka. Nilipanda kilimani, mlinzi akanifungulia lango, na nikaanza kumwagilia.

Wakapita barabarani chini ya kilima asubuhi, kanga mpya, wengi, wamebana, katikati yao kitu kilichofunikwa kinachotembea polepole kikishikwa mikono huku na huku. Niliujua mwendo wake. Alikuwa na tabia ya kutanguliza mguu wa kushoto tangu akiwa mtoto mdogo. Nilisimama kwenye uzio, vidole kwenye waya, mimi ndani na wao nje. Shangazi alikuwa mbele. Hakuna aliyeinua macho kilimani. Wakakata njia ya Dimani, wakaingia porini, na baada ya muda ngoma ikaanza.

Memsahib akatoka mbio na daftari lake, kofia mkononi. "Mwalimu! Sikia! Ngoma!" Uso ulimng'aa. Alikuwa amesahau kabisa kwamba tulizungumza juu ya Alhamisi, au labda hakuwahi kujua Alhamisi ni leo. "Wanaimba nini?"

Nikatega sikio. Sauti zilikuwa mbali, zinakuja na kukatika. Nilimtambua shangazi, nilimtambua mke wa kaka yangu. Lakini wimbo sikuutambua, wala uliofuata. Zile za zamani zilikuwa kwenye daftari la Memsahib na midomoni mwa wanywa kahawa wa Bungu, na wao walikuwa wametunga nyingine kabisa.

"Sijui," nikamwambia.

"Jaribu, mwalimu. Angalau wimbo mmoja."

"Sijui, Memsahib."

Akakaa kwenye benchi lake, akaweka kalamu tayari, akangoja. Ngoma ikapanda, ikapanda, ikawa kama inakuja kwetu, kisha ikanyamaza ghafla, hata vigelegele havikusikika. Ngoma ya mkoleni hunyamaza hivyo mara moja tu, nayo ni pale kanga inapovutwa.

Memsahib akainua kichwa. "Wamemaliza?"

"Ndiyo, Memsahib," nikamwambia. "Wamemaliza."

Akafunga daftari, akaniambia nisisahau debe la pili. Nikalichukua, nikashuka kisimani.